Kuhama Windows 10: kisa cha kompyuta 30, seva moja na mashine ya lebo

Kampuni hii husambaza vipuri vya mitambo. Ina ofisi, ghala na kaunta ya mauzo. Ina kompyuta 30 na seva moja. Kompyuta 27 zilikuwa kwenye Windows 10, tatu zimebaki kwenye Windows 7, na seva iliendeshwa na Windows Server 2012 R2. Mwanzoni mwa 2026 mteja wao mkubwa aliwatumia dodoso la usalama kabla ya kuhuisha mkataba. Swali mojawapo liliuliza kama kuna kifaa chochote kinachotumia mfumo endeshi ambao mtengenezaji ameacha kuuhudumia. Jibu la kweli lilikuwa: vyote.

Mkurugenzi alikuwa na mapendekezo mawili mezani. La kwanza lilitoka kwa muuzaji wa kompyuta: badilisha kila kitu kwa mkupuo, kazi ifanyike mwishoni mwa juma moja, Jumatatu watu wakute mashine mpya. La pili lilitoka kwa fundi aliyezoea kuwahudumia: weka Windows 11 kwa nguvu kwenye kompyuta zote zilizopo, kwa kuruka vipimo vya Microsoft, gharama iwe flashi moja na muda wake. Niliombwa nichague kati ya hayo mawili. Nilipoyasoma niliona yote yana pengo lilelile: yalihesabu kompyuta, hayakuhesabu kazi zinazofanywa juu yake. Hakuna hata moja lililotaja mashine ya kuchapa lebo kule ghalani, na ndiyo iliyokuja kupanga ratiba yote.

Huduma ikiisha, kinaisha nini

Kompyuta ya Windows 10 haikuzimika tarehe 14 Oktoba 2025, siku huduma yake ilipokoma. Kesho yake iliwaka kama kawaida, ikafungua barua pepe, ikachapa ankara. Ndiyo maana wenye biashara wengi hawaoni haraka. Kinachokoma ni viraka vya usalama, marekebisho ya kuziba matundu ya programu, vile ambavyo Microsoft huvitoa kila Jumanne ya pili ya mwezi. Windows 10 na Windows 11 zina sehemu nyingi za ndani zinazofanana, kwa hiyo kiraka cha Windows 11 kinapotoka, mshambulizi hukilinganisha na faili za awali, akaona ni wapi palipozibwa, kisha akaenda kupajaribu kwenye Windows 10 ambako pamebaki wazi. Hatari inakua kila mwezi hata kama ofisini hakuna aliyegusa kitu.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa 2017. Microsoft ilitoa kiraka MS17-010 tarehe 14 Machi. Kirusi cha kudai fidia kilichoitwa WannaCry kilianza kusambaa tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, kikipita kwenye tundu lilelile la SMB, itifaki ambayo Windows huitumia kushirikisha mafaili na printa. Hospitali za umma za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi na upasuaji. Watu wengi hukumbuka zaidi Windows XP katika habari hiyo, kwa kuwa huduma yake ilikuwa imeisha 8 Aprili 2014 na Microsoft ikalazimika kuitolea kiraka cha dharura. Lakini kompyuta nyingi zaidi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa. Kiraka kilikuwepo, hakikuwekwa.

Nilisisitiza jambo hilo mapema kwa sababu kompyuta za kaunta katika kampuni hii zilikuwa zimezimwa masasisho ya kiotomatiki. Moja iliwahi kujizima na kuwaka upya wateja wakiwa wamepanga foleni, na fundi akafanya kile alichoombwa. Windows 11 yenye masasisho yaliyozimwa ingewarudisha walipotoka. Tukakubaliana, kabla hata ya kuzungumzia ununuzi, kwamba masasisho yatarudishwa na yatapangiwa saa za usiku.

Kulikuwa na kitu kingine ambacho mapendekezo yote mawili yaliruka. Macho ya kila mtu yalikuwa kwenye kompyuta za mezani, huku hali mbaya zaidi ikiwa ndani ya kabati. Huduma ya Windows Server 2012 R2 ilikoma 10 Oktoba 2023. Juu yake kulikuwa na SQL Server 2012, programu ya hifadhidata ambayo huduma yake ilikoma Julai 2022, ikibeba data yote ya programu ya uhasibu na stoo. Seva haina kioo wala kiti mbele yake, hakuna anayeketi hapo akalalamika kwamba ni ya zamani, basi ikasahaulika.

Orodha ya kazi kabla ya orodha ya mashine

Hatua ya kwanza haikuwa ya kiufundi. Tulipita kila meza na maswali mepesi: asubuhi ukiwasha, unafungua nini kwanza? Nini kimechomekwa nyuma? Kuna kazi gani unayoifanya mara moja kwa mwezi? Mara moja kwa mwaka? Hilo la mwisho ndilo lililozaa matunda. Ukimuuliza mtu anatumia programu gani, hutaja anazoziona kila siku. Programu inayofunguliwa mara moja kwa mwaka, kwa ajili ya kuhesabu mali stoo au kumwonyesha mkaguzi vitabu vya miaka ya nyuma, haimjii kichwani mpaka siku anapoihitaji.

Kwa njia hiyo zile kompyuta tatu za Windows 7 zilijieleza. Moja ilikuwa ghalani, imeunganishwa na printa ya lebo. Kila boksi linalotoka linabandikwa lebo yake. Ya pili ilisoma alama za vidole za mahudhurio ya wafanyakazi. Ya tatu ilikuwa chini ya meza ya mhasibu, imezimwa, na ilikuwa na programu ya zamani ya uhasibu yenye vitabu vya miaka iliyotangulia mfumo wa sasa. Mhasibu alisema kwa utulivu kabisa, "Hiyo ndugu yangu usiiguse, nikiitwa na wakaguzi ndiyo naiwasha." Huyo alikuwa amebeba hatari ya kampuni nzima bila kupewa nafasi ya kuisema.

Kisha tukazipima zile 27 za Windows 10. Microsoft ina programu yake ya kukagua kama kompyuta inafaa kwa Windows 11, na masharti yanajulikana: prosesa iliyomo kwenye orodha yao, ambayo kwa Intel maana yake kwa jumla ni kizazi cha 8 kuendelea, kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya diski isiyopungua GB 64, kuwaka kwa UEFI (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) yenye Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), na TPM 2.0, chipu au kazi ya ndani ya prosesa inayotunza funguo za siri. Zilizopita moja kwa moja zilikuwa 11. Zilizokataliwa zilikuwa 16, na ripoti hiyo ndiyo muuzaji aliyoitumia kusema kompyuta ni za kutupa.

Tulipozikagua moja moja, tano kati ya hizo 16 zilikuwa na prosesa nzuri. Kosa lao ni kwamba TPM ilikuwa imezimwa kwenye mipangilio ya ubao mama, ambako haiitwi TPM. Kwenye mashine za Intel mara nyingi huandikwa PTT, na kwenye za AMD huandikwa fTPM. Aliyekagua haraka hawezi kuiona. Baadhi yake pia zilikuwa zikiwaka kwa njia ya zamani ya BIOS, diski ikiwa na mpangilio wa zamani uitwao MBR. Windows 10 yenyewe ina amri ya mbr2gpt inayobadilisha diski kwenda GPT, mpangilio unaoendana na UEFI, bila kufuta data, kisha ubao mama ukawekwa UEFI. Nakala ya akiba kwanza, amri ya kuhakiki ikafuata, ndipo kugeuza. Kwa kazi ya saa chache kompyuta tano zikatoka kwenye orodha ya manunuzi.

Kuna tahadhari moja kwa anayetaka kufuata njia hiyo. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski, mabadiliko kwenye ubao mama yanaweza kuifanya kompyuta iombe ufunguo wa uokoaji, tarakimu 48, pale pale inapowaka. Asiye na tarakimu hizo anaweza kupoteza kila kilichomo. Tulikusanya funguo za mashine zote kwanza, zikachapishwa na kufungiwa kwenye sefu, ndipo fundi akaruhusiwa kugusa mipangilio.

Zilizobaki ni 11 zenye prosesa za kizazi cha 6 na cha 7, na hapo ndipo pendekezo la fundi la kuruka vipimo lilikuwa na mvuto. Inawezekana, na kompyuta hufanya kazi. Mimi nililikataa kwa biashara. Microsoft inasema wazi kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho, na masasisho ndiyo sababu pekee ya kuhama. Tena kuanzia toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, prosesa isiyo na maagizo fulani ya ndani haiwaki kabisa, jambo linaloonyesha kwamba mlango unaorukwa leo unaweza kufungwa na toleo lijalo. Mtu kwa kompyuta yake ya nyumbani ana haki ya kujaribu. Kampuni inayokwenda kuandika kwenye dodoso la mteja kwamba mifumo yake inahudumiwa haina.

Nakala ya akiba ambayo haikuwa na data

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hili ndilo lingewazika.

Kampuni ilikuwa na nakala ya akiba. Kila mtu alijua ipo. Diski ya nje ilikuwa imechomekwa kwenye seva, na kila usiku kazi iliyopangwa ilinakili folda nzima ya data kwenda humo. Taa iliwaka, tarehe za mafaili zilikuwa za jana. Kabla ya kugusa chochote niliomba tufanye jaribio: tuchukue kompyuta tupu, tuweke SQL Server, turudishe data ya uhasibu kutoka kwenye diski ile, mhasibu afungue ankara ya jana.

Tulikuta nyaraka, picha za bidhaa, barua, lahajedwali za miaka mingi. Faili la hifadhidata halikuwemo. SQL Server ikiwa inafanya kazi hulishikilia faili lake, na programu ya kunakili kwa njia ya kawaida ikilikuta limeshikiliwa huliruka na kuandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu zake, mstari ambao hakuna aliyewahi kuusoma. Kitu pekee kilichokuwa na uzito katika diski ile ndicho kilichokosekana, usiku baada ya usiku.

Sasa fikiria pendekezo la mwishoni mwa juma moja. Seva ya zamani ingefutwa au kuondolewa Jumamosi, data ingetafutwa kwenye diski Jumapili.

Marekebisho yenyewe hayakuwa magumu. SQL Server ina amri yake ya kutengeneza nakala wakati hifadhidata inaendelea kutumika. Ilipangwa iandike faili la nakala kwanza, kisha kunakili kukafuata. Nakala ya pili ikawa kwenye diski inayochomolewa na kutunzwa nje ya jengo, maana diski iliyochomekwa muda wote husimbwa na kirusi cha kudai fidia pamoja na seva yenyewe. Na jaribio la kurudisha data likaandikwa kuwa kazi ya kila mwezi, yenye jina la mtu anayewajibika. Mhasibu aliomba awe yeye. Nilifurahi, kwa kuwa anayeijua data ndiye anayeweza kusema kama iliyorudi ni kamili.

Seva kwanza, na njia yake haina kurudi nyuma

Muuzaji wa programu ya uhasibu aliulizwa kwa maandishi: toleo gani la programu yenu mnalihudumia juu ya Windows 11, juu ya Windows Server ipi, na SQL Server ipi? Nasisitiza kwa maandishi, kwa kuwa kwa simu kila kitu "kinafanya kazi tu". Jibu lililokuja lilipanga nusu ya mradi. Toleo walilonalo halihudumiwi kwenye Windows 11. Toleo jipya linahudumiwa, lakini data yao lazima ipitie toleo la kati kwanza, na kwa upande wa seva wamethibitisha hadi Windows Server 2022.

Mkurugenzi aliuliza kwa nini wasiende moja kwa moja kwenye Windows Server 2025, na kwa kweli kutoka 2012 R2 njia ya moja kwa moja ipo. Nilimshauri aifuate programu ya uhasibu. Windows Server 2022 ina huduma hadi Oktoba 2031. Hakuna anachopoteza kwa miaka ya karibu, na simu kwa muuzaji zitajibiwa.

Hifadhidata iliyopandishwa kutoka SQL Server 2012 kwenda toleo jipya haiwezi kurudishwa kwenye la zamani. Kwa hiyo seva mpya ilijengwa pembeni, ya zamani ikaachwa jinsi ilivyo. Mhasibu alipewa kompyuta moja ya Windows 11 iliyounganishwa na seva mpya yenye nakala ya data, akaombwa afunge upya mwezi uliokwisha kufungwa na kulinganisha urari.

Urari haukulingana. Jumla za mwaka zilikuwa sawa, lakini ankara kadhaa zilikuwa zimehamia miezi mingine. Ilichukua muda kugundua kwamba kompyuta ile mpya iliwekwa kwa mipangilio ya Marekani, ambako mwezi huandikwa kabla ya siku, na ankara zilizoingizwa kwenye jaribio kutoka lahajedwali zilisomwa hivyo: tarehe 5 mwezi wa nne ikawa tarehe 4 mwezi wa tano. Zenye siku zaidi ya 12 zilibaki sahihi, ndiyo maana kosa halikuonekana kwa wote. Kubadilisha mpangilio wa tarehe ni kazi ya dakika moja. Kuutambua baada ya kampuni nzima kuhamia na kutuma hesabu kwa wateja ingekuwa habari nyingine. Mpangilio wa tarehe, sarafu na alama ya desimali uliingizwa kwenye orodha ya kila kompyuta inayoandaliwa.

Vitu vidogo vinavyosimamisha ofisi

Mashine ya kunakili ya ofisini ilikuwa ikituma skani moja kwa moja kwenye folda ya pamoja. Kwenye kompyuta ya majaribio yenye Windows 11 24H2 ikagoma. Sababu yake inafaa kujulikana, kwa kuwa itawakuta wengi: toleo hilo linadai miunganisho ya SMB iwe na saini ya kidijitali, na Windows 11 aina ya Pro haikubali tena kuingia kama mgeni bila neno la siri. Vifaa vya zamani vya kunakili na vya kuhifadhia mafaili vilizoea kuingia hivyo hivyo. Mtandaoni utapata maelekezo ya kulegeza masharti hayo kwa mstari mmoja, na fundi alikuwa tayari ameuandaa. Lakini SMB ndiyo itifaki ileile ya kisa cha 2017. Tulisasisha programu ya ndani ya mashine ya kunakili, ikapewa jina la mtumiaji na neno la siri lake, lenye ruhusa ya folda moja tu. Ikakubali.

Mashine ya mahudhurio haikuwa na la kujadili. Hakuna draiva (programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa) ya Windows 11, aliyeiuza hayupo tena. Ilinunuliwa nyingine inayotunza kumbukumbu ndani yake yenyewe na kusomwa kwa kivinjari.

Kompyuta ya chini ya meza ya mhasibu ilileta mjadala mrefu zaidi. Fundi alitaka kuihamishia ndani ya kompyuta pepe ili iendelee kuwaka kama ilivyo. Kiufundi inawezekana, ingawa leseni ya Windows 7 iliyouzwa pamoja na kompyuta imefungwa kwenye kompyuta ile ile. Mimi nilipendekeza data itoke. Mkaguzi anahitaji vitabu, hahitaji programu. Mhasibu aliketi akachapa leja, urari na taarifa za kila mwaka kwenda PDF, na miamala yote ikatolewa kama mafaili ya maandishi yanayofunguka kwenye lahajedwali yoyote. Diski yenyewe ikachomolewa, ikawekewa lebo na kufungiwa kwenye sefu. Kutunza mfumo uliokufa ili kusoma data ni mzigo unaozidi kuwa mzito kila mwaka, na siku ubao mama ukifa huna pa kwenda.

Ikabaki ile ya ghalani. Printa ya lebo ilikuwa nzima, imara, ya aina inayodumu. Programu yake ilikuwa ya biti 32, na hilo pekee lisingekuwa tatizo. Windows ya biti 64 huendesha programu za biti 32 bila shida. Lakini draiva haina msamaha huo: Windows ya biti 64 inataka draiva ya biti 64, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Juu ya hapo, kisakinishi cha programu ile kilikuwa cha biti 16, kama ilivyokuwa kawaida kwa programu za enzi zake, na hicho hakifunguki kabisa kwenye mfumo wa biti 64. Kila mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli tofauti.

Ghala haliwezi kusimama. Bila lebo, boksi halitoki. Kwa hiyo swali likageuka: lebo inahitaji nini? Jina la kipuri, namba yake, bakodi, jina la mteja. Vyote vimo tayari kwenye mfumo wa stoo. Mtunza stoo alikuwa akivisoma kwenye kompyuta moja na kuvichapa upya kwa vidole kwenye nyingine, kwa sababu mifumo miwili haikuzungumza. Toleo jipya la programu ya uhasibu na stoo lina uwezo wa kuchapa lebo lenyewe, na mtengenezaji wa printa alikuwa na draiva ya biti 64 inayofaa familia nzima ya printa zake. Programu ya zamani haikuhitaji kuhamishwa. Ilihitaji kuachwa.

Lakini hilo halikuwezekana mpaka toleo jipya la uhasibu liwe limeshaingia, nalo lilisubiri seva, na seva ilisubiri nakala ya akiba inayorudi. Ukilitazama kutoka mwisho kuja mwanzo, printa ya lebo ndiyo iliyoamua kwamba seva iwe ya kwanza na ghala liwe la mwisho. Mpaka zamu yake ifike, kompyuta ile ilitengwa: ruta ikaiziba isifike intaneti wala kompyuta nyingine, na flashi zikapigwa marufuku juu yake.

Ratiba, na zile siku kumi

Ukipandisha Windows 10 kwenda 11 juu ya mfumo uliopo, Windows huhifadhi mfumo wa zamani kwa siku 10. Ndani ya siku hizo unaweza kurudi. Zikipita, folda hufutwa. Wengi hupanga kuhama mara tu baada ya kufunga mwezi, kwa kuwa ofisi imetulia, na ni wazo zuri. Tatizo ni kwamba kufunga mwezi unaofuata kutatokea wiki tatu au nne baadaye, wakati njia ya kurudi imekwisha kufungwa. Kazi ngumu kuliko zote hujaribiwa kwa mara ya kwanza pale ambapo hakuna kurudi.

Kuna amri ya DISM, chombo cha ndani cha Windows, inayorefusha muda huo hadi siku 60, na sharti lake ni kuitoa baada ya kupandisha, kabla siku 10 hazijaisha. Iliandikwa kwenye karatasi ya kila kompyuta. Pamoja nayo iliandikwa kwamba asiguse mtu usafishaji wa diski, kwa sababu nao hufuta folda ile.

Mpangilio ukawa hivi: seva na programu ya uhasibu mwezi wa kwanza, kompyuta za Windows 10 zikiendelea kuitumia, kisha kompyuta mbili za majaribio, ya mhasibu mmoja na ya kaunta moja, zipite kwenye kufunga mwezi mzima, kisha ofisi, kisha kaunta, nusu kwa nusu ili foleni isisimame, ghala mwisho, baada ya kuhesabu mali. Kompyuta ya kaunta ya majaribio ilipewa makusudi mwuzaji anayelalamika kuliko wote. Alitoa orodha ndefu ya kero, na karibu nusu yake zilikuwa za kweli, ikiwemo mwambaa wa chini uliohamia katikati na njia za mkato za kibodi zilizokuwa zikifungua programu isiyo sahihi. Zilirekebishwa kabla wenzake hawajaziona.

Zile kompyuta 11 za prosesa za zamani ziligawanyika kwa kazi. Tano zilitumika kwa kivinjari peke yake: kuangalia stoo, barua pepe, tovuti za wasafirishaji. Hizo ziliwekewa Linux, na baada ya siku chache za maswali hakuna aliyerudi kuuliza. Sita zilihitaji programu za Windows, zikapangiwa kubadilishwa: nne mara moja, mbili mwaka wa fedha unaofuata kwa kuwa bajeti haikutosha.

Hizo mbili zilinunuliwa huduma ya ziada ya usalama. Kwa biashara Microsoft iliipangia bei ya dola 61 kwa kompyuta kwa mwaka wa kwanza, ikizidi maradufu kila mwaka kwa miaka isiyozidi mitatu: 61, kisha 122, kisha 244. Jumla ni dola 427 kwa kompyuta moja, nawe mwisho wake unabaki na prosesa ile ile. Anayechelewa kujiunga hulipia pia miaka iliyopita. Kwa mwaka mmoja na mashine mbili, niliona ni matumizi halali ya fedha. Kwa mashine 27 na miaka mitatu, ingekuwa kukodi muda kwa bei ya kununua.

Dodoso la mteja lilijibiwa kabla kazi haijaisha, na hili nililishauri kwa nguvu. Waliandika hali halisi: vifaa vingapi havihudumiwi, vipi vimetengwa, vipi vina huduma ya ziada, na tarehe ya kila kimoja kuondoka. Mteja aliuliza maswali mawili ya nyongeza na kuhuisha mkataba.

Kompyuta ya ghalani iliondolewa baada ya kuhesabu mali, kama ilivyopangwa. Mtunza stoo sasa anachapa lebo kutoka kwenye mfumo wa stoo bila kuandika namba upya. Diski za mashine zote zilizotoka zilifutwa kabla ya kuuzwa, isipokuwa ile moja ya sefuni. Daftari jipya la vifaa lina safu ambayo la zamani halikuwa nayo, ya tarehe ya mwisho wa huduma, kwa kuwa Windows 11 nayo huhudumiwa kwa matoleo: Pro ya 24H2 inaishia 13 Oktoba 2026, ya 25H2 inaishia 12 Oktoba 2027. Zile kompyuta mbili za huduma ya ziada zimeandikwa kwa wino mwekundu, 13 Oktoba 2026, na fedha zake zimeshatengwa.